Khalati, nimwingize paka shume ndani au nimwache nje?

Asalaam aleikum Khalati,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nyumba yetu iko Mji wa Kale hapa Mombasa. Ni nyumba ya zamani ya ghorofa moja, ina ua mdogo katikati, stoo chini ya ngazi, na dari ya kuanikia nguo juu. Tuna paka sita. Hakuna hata mmoja niliyemnunua. Watatu niliwaokota soko la samaki wakiwa wadogo, macho yamefungwa na usaha. Mmoja aligongwa na tuktuk akakatwa mguu wa nyuma. Mmoja aliachwa na majirani waliohama. Wa sita ni dume, Kashata, aliingia mwenyewe mwaka jana akakaa. Majike wote wanne wamefungwa kizazi, na dume mmoja amehasiwa. Kashata bado.

Sasa jike la mtaani, paka shume hasa, limezaa ndani ya stoo yangu. Watoto ni wanne, wana kama wiki tano, wameshaanza kutoka na kunusa sahani. Mama yao hashikiki. Nikisogea analaza masikio na kufoka. Juzi nilitia mkono kukitoa kitoto kilichonasa nyuma ya gunia la makaa, akaniuma kidole gumba mpaka damu ikatoka. Nikaosha, nikapaka spiriti, na kidonda kimefunga.

Nilimhurumia, nikamfungia chumba cha wageni pamoja na watoto wake ili atuzoee. Usiku kucha alipanda mapazia na kujigonga dirishani, chakula hakukigusa. Asubuhi nilipofungua mlango aliwabeba watoto mmoja mmoja akawarudisha stooni.

Tangu aje, paka wangu wamebadilika. Haluwa hashuki tena chini, anashinda ghorofani juu ya kabati. Kuna mkojo ukutani karibu na mlango wa nje, na siku mbili zilizopita tumekuta mkojo ghorofani juu ya mswala wa mama mkwe, ambaye amehamia kwetu kwa sababu ya maradhi ya magoti. Beseni la mchanga ninalo, moja kubwa, liko chini kando ya ngazi, na nalisafisha. Mama mkwe amesema hawezi kuswali kwenye nyumba yenye najisi. Wifi yangu naye ana mimba ya miezi saba, atakuja mwezi ujao kujifungulia kwetu, na ameambiwa paka huharibu mimba.

Mume wangu anafanya kazi bandarini kwa zamu. Ni mtu mpole, hajawahi kumpiga paka teke. Lakini juzi alisema: "Paka wawili wanatosha. Waliobaki tia guniani uwapeleke sokoni, huko kuna vichwa vya samaki."

Nikifikiria kumwacha nje huyu mzazi, namkumbuka yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Nikifikiria kumwingiza, naona nyumba itavunjika. Nimwingize na watoto wake, nimwache, au nifuate neno la mume wangu?

Mama Paka, Mji wa Kale

*

Waaleikum salaam mwanangu Mama Paka,

Paka wangoje kidogo, tuanze na kidole chako. Nenda hospitali leo, useme umeumwa na paka wa mtaani asiye na chanjo. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, na kidonda kufunga hakuonyeshi chochote: virusi vyake hupanda polepole kwa mishipa ya fahamu, dalili huja baada ya wiki au miezi, na zikishaanza hakuna dawa. Daktari ataamua juu ya sindano za kichaa na ya pepopunda. Meno ya paka ni membamba, hupitisha uchafu ndani kisha ngozi hujifunga juu yake, kwa hiyo kidole kikivimba au kikianza kupwita, mwonyeshe pia. Huyo mzazi yuko machoni pako: akifika siku ya 10 tangu akuume bado anakula na kunyonyesha kama kawaida, mwarifu daktari, huenda akazisimamisha sindano zilizobaki. Ila usingoje siku hizo 10 ndipo uende. Na ikitokea tena, ni sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kabla ya spiriti.

Sasa barua yako. Umeuliza swali moja, nami nimeona mambo matatu yaliyofungwa fundo moja: mzazi wa stooni, mkojo, na mimba ya wifi. Kila moja lina njia yake, na pengine yakishafunguliwa, neno la mume wako la gunia litabaki na uzito mdogo kuliko unavyouona sasa.

Nianze na lile linalokukosesha usingizi. Hadithi ya yule mwanamke ina sehemu mbili, mwanangu, nasi huwa tunaikumbuka moja. Alimfunga paka, hakumlisha, wala hakumwachilia akajilia wadudu wa ardhini. Kumwachilia kumetajwa hapo kama mlango wa pili wa kuepuka dhambi. Hebu mfikirie huyu shume wako ule usiku wa chumba cha wageni, amefungwa, chakula kipo na hakiliki kwa hofu, kisha mfikirie asubuhi alipowabeba watoto wake kurudi kwenye giza la stoo aliyoichagua mwenyewe. Umeliona kosa katika kumwacha nje. Je, umewahi kumwuliza paka wa aina hii, kwa kumtazama tu, kwake yeye huruma ni ipi?

Kuna paka aliyepotea na kuna shume aliyezaliwa na kukulia mtaani. Aliyepotea, kama yule wa majirani waliohama, alishawahi kumzoea mtu. Baada ya siku au wiki chache atarudi mapajani. Shume hakuguswa na mkono wa mtu alipokuwa mchanga. Kitoto cha paka hujifunza kumwamini binadamu hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7. Dirisha hilo likishajifunga, shume aliyekomaa huweza kukuvumilia, kukungoja saa ya chakula, hata kukaa hatua mbili kutoka ulipo, lakini kuta nne kwake ni mtego. Wapo wanaolainika baada ya miaka. Usijenge nyumba yako juu ya tumaini hilo.

Kwa hiyo mama na watoto wake wana mahitaji tofauti, na hapa ndipo muda unapokubana. Watoto wana wiki tano. Dirisha lao bado liko wazi, ila halitangoja sana. Na mama yao anaweza kupata mimba nyingine hata kabla hawajaacha ziwa. Katika nchi za baridi, majike hupumzika siku zinapokuwa fupi. Sisi huku Pwani mchana ni ule ule mwaka mzima, hivyo hawapumziki. Mimba ni kama siku 63 hadi 65, na kitoto cha kike huweza kubeba mimba akiwa na miezi minne au mitano. Utakaloamua kuhusu ndani au nje, kumfunga kizazi ndilo jambo ambalo kila njia inalihitaji.

Kumshika kwa mikono haiwezekani, na usijaribu tena. Linatakiwa tundu la mtego lenye kibao cha kukanyaga. Watu wanaohudumia wanyama huazimisha, au fundi wa vyuma anaweza kukutengenezea la wavu wa waya, urefu kama sentimita 80, upana 30, kimo 35. Liweke stooni, mlango umefungwa kwa kamba ubaki wazi, umlishe humo ndani kila siku saa ile ile, kila mara ukisogeza sahani ndani zaidi mpaka ale kwenye ukuta wa mwisho. Panga na daktari wa mifugo siku ya upasuaji. Usiku wa kuamkia siku hiyo ondoa chakula chote, cha paka wako pia, maana paka aliyeshiba haingii mtegoni. Alfajiri fungua kamba, weka dagaa wenye harufu, usimame mbali. Mlango ukianguka atarukaruka na kujigonga. Hapo hapo funika tundu zima kwa kanga au shuka, atatulia. Usimhamishie kwenye kitu kingine, mpeleke ndani ya tundu hilo hilo. Mwambie daktari kwamba ananyonyesha, na mwombe amchanje kichaa cha mbwa na kumkata ncha ya sikio kama sentimita moja akiwa amelala, ili kila mtu amjue kwa mbali kwamba huyu ameshafungwa na asisumbuliwe tena. Kuhusu chanjo hiyo, mweleze kwanza kwamba alikuuma, kwani siku 10 za kumtazama zikiwa hazijaisha yeye ndiye atakayekwambia afanye lini.

Watoto wa wiki tano wanaweza kukaa bila yeye mchana na usiku mmoja wakilishwa chakula laini kila saa nne au tano. Akiamka vizuri, kesho yake hurudi pale pale alipotoka.

Kuhusu watoto, naona njia mbili. Ya kwanza ni kuwaacha na mama yao mpaka wiki ya nane, uwachanje, uwafunge kizazi wakifika kilo moja, wakae nje kama yeye. Ni njia ndogo kwa kazi, lakini utakuwa umeongeza mashume wanne darini na uani, na wewe ndiye utakayewalisha. Ya pili ni kuwaingiza sasa hivi, mama yao akiwa kwa daktari au mara baada ya hapo, uwazoeze mikono na kuwatafutia kwao. Kazi yake ni kubwa kwa wiki tatu hivi, na lazima uwe na chumba chenye mlango unaofungwa.

Ukiichagua hiyo ya pili, chumba kiwe kidogo, hata bafu linatosha, wasipate pa kujificha mbali. Wakae humo si chini ya wiki mbili bila kukutana na paka wako. Sababu ni maradhi: mafua ya paka, choa, minyoo, na lile la kuhara na kutapika linaloua vitoto, ambalo virusi vyake hukaa sakafuni kwa miezi. Osha mikono na ubadili kanga kila utokapo humo. Sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo ipigwe dawa ya klorini, mililita 30 kwa lita moja ya maji, iachwe dakika 10, isuuzwe. Dawa za kuua vijidudu zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa usizitumie palipo na paka. Paka hulamba miguu yake, na dawa hiyo humdhuru.

Walishe kwa mkono mara nne kwa siku: kuku au samaki aliyechemshwa, asiye na miba wala chumvi, aliyepondwa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha, na ugali peke yake huwadumaza, kwa sababu paka bila nyama hakosi kudhoofu macho na moyo. Kila kitoto kifunge kwenye kanga kichwa kikiwa nje, dakika 10 mara kadhaa kwa siku, ukikisugua chini ya kidevu. Anayefoka ndiye wa kubebwa zaidi, na atengwe na wenzake mchana, maana huwafundisha hofu. Viroboto ondoa kwa chanuo la meno membamba na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Ufizi ukiwa mweupe, viroboto wameshamnyonya damu, mkimbize kwa daktari siku hiyo. Tafadhali usiruhusu mtu yeyote akupe dawa ya kuogeshea ng'ombe au dawa ya viroboto ya mbwa. Zenye pemethrini huwaua paka kwa mitetemeko, na hata paka mkubwa hazistahimili. Panadoli vivyo hivyo, kidonge kimoja chaweza kumuua.

Sasa mkojo, ambao naamini ndio uliomfikisha mume wako kwenye gunia.

Umeandika kana kwamba mama mkwe amewachoka paka. Mimi nimesoma kitu kingine. Paka mwenyewe ni twahara, hilo analijua. Sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu akanywa. Mkojo wake ndio najisi, na mama amelalamikia mkojo. Ana haki yake. Mtu mwenye maradhi ya magoti kuutafuta mswala mwingine ni taabu.

Angalia vizuri: ulichokikuta ukutani na ulichokikuta mswalani huenda si cha paka mmoja. Ukutani ni kurusha. Paka husimama, mkia juu unatetemeka, mkojo hugonga ukuta kwa kimo cha goti la mtoto. Hiyo ni kazi ya dume asiyehasiwa, na Kashata anayo sababu kubwa, kwani kuna jike stooni na madume wa mtaa mzima wanalinusa. Mhasi. Harufu kali na kurusha hupungua kwa wengi ndani ya wiki chache, hadi homoni ziishe mwilini, na kwa muda huo bado aweza kutia mimba. Ila mkojo wa mswalani ulikuwa sakafuni, juu ya kitambaa laini, huko ghorofani. Nani anaishi ghorofani na anaogopa kushuka? Beseni lenu liko kando ya ngazi, hatua chache tu kutoka mlango wa stoo anamokaa jike mkali mwenye watoto. Namfikiria Haluwa.

Beseni moja kwa paka sita ni chache hata kusipokuwa na mgeni. Kanuni ni idadi ya paka kuongeza moja. Saba hazitaingia nyumbani mwako, najua, lakini karai nne au tano zilizotawanywa zitafanya kazi: mbili juu, moja darini penye kivuli, mbili chini pande tofauti. Ziwe ndefu kuliko paka kwa nusu yake, mchanga wa mtoni kina cha sentimita 5. Wa ufuoni una chumvi, hushika unyevu na haukauki. Usiweke karai kwenye pembe yenye njia moja ya kutokea, wala karibu na chakula. Teka uchafu asubuhi na jioni. Haluwa akiendelea kukojoa nje baada ya kupata karai yake ya juu, apimwe kibofu. Na dume yeyote akichuchumaa na kujikamua bila mkojo kutoka, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Njia ikiziba hufa ndani ya siku mbili tatu.

Mswala ufyonze kwa kitambaa kikavu, usuuze kwa maji baridi, uloweke kwenye sabuni ya unga yenye vimeng'enya, kisha umimine maji mengi mpaka ain ya najisi iondoke, rangi na harufu. Klorini usiimwage juu ya mkojo, moshi wake huchoma kifua. Hukumu yenyewe mwulize ustadhi mnayemwamini, tena mama akiwepo. Na mpe chumba chake, mlango ufungwe, paka wasiingie kabisa. Hilo la mwisho laweza kumtuliza kuliko maneno yote.

Wifi yako ameambiwa nusu ya jambo. Kijidudu cha toksoplasma kipo, na kikimwingia mwenye mimba kwa mara ya kwanza huweza kumdhuru mtoto. Paka hukitoa kwenye kinyesi, kwa kawaida wiki moja hadi tatu tu maishani mwake, anapoambukizwa kwanza. Kinyesi kipya hakiambukizi. Huchukua siku moja hadi tano kuiva. Karai ikitekwa kila siku na mtu mwingine, hatari yake ni ndogo sana, na kumpapasa paka mkubwa wa ndani si tatizo. Vitoto na shume ndio wa kukaa naye mbali. Nyama isiyoiva, mchicha usiooshwa vizuri na udongo wa bustani humwambukiza vile vile, kwa hiyo mwambie aulize kliniki kuhusu kipimo.

Nimemwacha mume wako mwisho kwa makusudi. Paka mkubwa akimwagwa sokoni hutafuta njia ya kurudi, na wengi huishia chini ya magari. Wanaobaki hukuta wenyeji, hupigana, na kuumana ndiko kunakosambaza virusi vya ukimwi wa paka, ambavyo havimpati mtu. Yule wa miguu mitatu hataziweza siku za kwanza. Na stoo iliyo wazi yenye harufu ya chakula itapata shume mwingine. Lakini usimjibu kwa haya kwanza. Hebu mwulize: hao wawili aliowataja ni idadi, au ni namna ya kusema amechoka na harufu? Kama ni harufu, Kashata akihasiwa na karai zikiongezwa, mpe mwezi mmoja aone. Kama ni pesa, kaeni na kalamu: chakula cha mwezi, chanjo ya kila mwaka, upasuaji wa wawili hawa, na akiba ya maradhi. Inawezekana kabisa hesabu ikaonyesha kwamba paka sita ni wengi kwenu, na kutafutia wawili nyumba njema si kuwatupa. Wenye maghala na maduka ya nafaka hutaka paka aliyefungwa kizazi. Watoe wawili wawili wanaopendana, ukakuone kwanza wanakolala. Nani aende na nani abaki, hilo ni lako wewe na yeye.

Upo uwezekano pia kwamba atakubali shume mwenye sikio lililokatwa ale uani jioni, stoo ikiwa imezibwa, na wa ndani wabaki wa ndani. Ipo pia njia ambayo unalea vitoto wiki tatu na wifi anakuja baada yao kuondoka. Tarehe ya wifi ndiyo itakayokubana, basi mpigie kwanza ujue anakuja lini hasa, halafu ndipo umpigie daktari wa mifugo.

Khalati